Mkono wa Gauni la Mama Belise

Dada yangu Saidati ni daktari, lakini ukiumwa usimpigie simu. Yeye ni daktari wa kupima maji yanayopita ndani ya bomba: yanapita mangapi, yanapita kwa kasi gani, na mita inayoyahesabu inasema kweli au inadanganya. Watu wa mtaani kwetu, huku nyuma ya soko la Gisenyi, walichukua miaka kulielewa hilo. Mpaka leo kuna bibi mmoja ambaye kila Idi anamletea mjukuu wake mwenye kikohozi, na kila Idi Saidati anamwandikia limau na asali.

Mimi ni Mudathiru, kaka yake mkubwa, au yaya wake kama tunavyoita huku kwetu. Ni fundi cherehani. Baba alipofariki Saidati alikuwa darasa la tano, na kuanzia siku hiyo mpaka chuo kikuu alisomeshwa na cherehani yangu. Nilishona sare za nusu ya watoto wa mji huu mpaka mguu wangu wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Sijutii hata kidogo. Ila nina donge moja moyoni, na afadhali nilitaje mapema ili msije mkaniona mtu mbaya bila sababu.

Siku aliyopewa udaktari, nilivaa suti niliyoishona mwenyewe nikakaa mstari wa mbele. Saidati akasimama, akatoa shukrani kwa Kifaransa. Alishukuru maprofesa wanne, mmoja mmoja, kwa majina yao marefu. Alishukuru fundi wa mitambo. Alishukuru hata pampu moja iliyoharibika katikati ya majaribio, na watu wakacheka. Mimi nimetega masikio nisikie Mudathiru. Sikusikia Mudathiru. Nikala wali wao, nikapanda basi, nikarudi Gisenyi na donge langu.

Mwezi uliofuata akaniletea sanduku. Ndani mlikuwa na vitabu kumi vya utafiti wake, kwa Kifaransa, vinene, karatasi nzito nyeupe ya kupendeza.

"Yaya," akaniambia, "we unajuaka batu yote ya hapa. Uigawe ku batu benye kuhusika na mambo ya mayi."

"Bon," nikasema, kama mtu aliyekubali, na sanduku nikalisukuma chini ya meza ya kukatia.

Sasa, fundi yeyote atakayesoma habari hii atanielewa. Huwezi kukata kitambaa hivi hivi. Unahitaji kwanza umbo la karatasi, la kola, la mkono, la kiuno, ndipo ulilaze juu ya kitambaa uzungushe chaki. Na karatasi nzuri ya kazi hiyo haipatikani. Gazeti linachanika. Mfuko wa saruji unachafua shela ya bibi harusi, na hapo utasikia maneno ambayo hujawahi kuyasikia maishani. Nami pale chini ya meza nina vitabu kumi vya karatasi nzito, vimekaa tu vinakula vumbi.

Nilianza na kimoja. Nikajiambia, tisa vinatosha kugawa. Mbele ya kitabu, ukurasa wa tatu, palikuwa karibu peupe pote, na mistari michache tu ya maandishi. Nikaukata kola ya shati. Sikuusoma. Fundi hasomi karatasi, anatazama ukubwa wake. Nikageuza upande mweupe, nikaandika "kola, namba 38", nikaitundika kwenye msumari. Kwa kuwa kola zina saizi nyingi, nikafungua cha pili. Katikati ya vitabu mlikuwa na michoro mikubwa iliyokunjwa mara tatu. Ukiikunjua, ni mkono mfupi wa gauni kabisa, na wa mwanamke mnene. Kufikia mwaka wa pili sanduku lilikuwa tupu, na ukuta wangu umejaa utafiti kutoka juu mpaka chini. Na niseme ukweli wangu wote: kila mkasi ulipopita, donge lilipungua kidogo.

Miaka minne ikapita. Jumatatu moja Saidati akaingia dukani hana hata salamu, ameshika barua.

"Yaya, banataka kunifungia chumba yangu."

Chumba chake nakijua. Kiko upande wa ziwani, katika chuo anachofundisha; kirefu, kimejaa mabomba yanayopanda na kushuka, na mita za kila umri zimepangwa kama vikombe kabatini. Mle ndimo anamopitisha maji mchana kutwa na kuandika namba. Nje ya chumba hicho dada yangu ni mtu wa kawaida, tena mwenye haya. Ndani yake anaimba. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Barua ilisema kuna tume inatoka Kigali kuangalia utafiti wa kila mwalimu umeleta faida gani. Saidati alitakiwa aonyeshe mtu mmoja, mmoja tu, asiye mwanafunzi wake wala ndugu yake, ambaye kazi yake imebadilika kwa sababu ya utafiti huo. Na aonyeshe ulimfikia kwa njia gani. Akishindwa, mabomba yatang'olewa na chumba kiwekwe viti vya plastiki vya sherehe.

"Makala yangu nayo ilisomwa na batu kumi na mbili," akasema. "Nimeangalia. Saba ni mimi mwenyewe." Akafuta macho. "Donc nikakumbuka vile vitabu. Uligawaka?"

Nilimtazama. Nyuma ya kichwa chake, ukutani, kulikuwa na kiuno cha suruali chenye jedwali la sura ya nne.

"Niligawa," nikasema.

"Yote kumi?"

"Yote. Haikubaki hata moja." Na hapo, mnashuhudia, sikusema uongo.

Akanirukia shingoni akanikumbatia, utepe wangu wa kupimia ukanikaba. "Basi nitabaambia tume bakuye hapa kwako Alhamisi, utabaonyesha batu uliwapatia!" Akatoka mbio. Mimi nikakaa juu ya rundo la vitenge.

Mtu wa maji ninayemjua vizuri ni mmoja: Nyirabagenzi, ambaye wote tunamwita Mama Belise. Alirudi kutoka Goma na wanawe watano, na ndiye anayeuza maji ya bomba la mtaa, mlango wa sita kutoka kwangu. Ni mama wa kanisa, mkali, sauti yake inafika kabla yake. Nilimkuta anajaza madumu, amevaa gauni nililomshonea, lile la mikono mifupi ya kujivuta.

"Mama Belise, mi nakuomba kitu kidogo. Tume ikikuya, useme nilikupatiaka kitabu ya Saidati."

Akafunga bomba. "Ulinipatia kitabu gani?"

"Haukupata. Ila useme tu ulipata."

"Fundi!" Watu wote kwenye foleni wakageuka. "Unataka mi niongope? Mi nasimamaka mbele ya kanisa kila Siku ya Mungu! Hapana. Bakiniuliza, nitasema ile yenye nilionaka kwako ku ukuta, na macho yangu mawili. Kweli yote."

"Usikuye basi," nikamwomba.

"Nitakuya," akasema, na akafungua bomba.

Alhamisi asubuhi nikajua nimekwisha. Alikuwa ameona ukuta wangu, na angeusema. Basi nikafanya la mtu aliyekwisha: nikashusha karatasi zote kwenye misumari, nikazifukia chini ya vitenge, nikatundika kalenda. Duka langu likaonekana uchi.

Walikuja saa nne. Profesa Ndahiro, mwenyekiti wa tume, mtu mrefu mpole aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Pamoja naye binti anaitwa Connie, aliyekuwa akiandika kila neno kwenye kompyuta yake, mpaka kikohozi changu nadhani alikiandika. Saidati alikuwa amepiga pasi kila kitu, ananitazama kwa macho yanayong'aa.

"Shikamoo, fundi," akasema Profesa. "Tumeelezwa kwamba uligawa nakala kumi za utafiti wa dada yako."

"Marahaba. Niligawa."

"Uliwapa watu gani hasa?"

"Watu wengi," nikasema. "Kidogo kidogo."

Connie akaandika kidogo kidogo.

"Tungefurahi kumwona mmoja wao."

Saidati akanitazama, kisha akatazama kalenda, kisha akatazama misumari mitupu zaidi ya hamsini. Yeye ni mtu wa vipimo. Aliona kitu hakiko sawa. Mwanga ukaanza kumtoka usoni. Siku zote nilifikiri nitafurahi nikimwona ameumia kama nilivyoumia mimi. Wallahi sikufurahi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo sauti ya Mama Belise ikaingia, na yeye nyuma yake.

"Jambo ya bote! Fundi, karatasi ya mukono yangu iko wapi? Ilikuwaka hapa ku musumari!"

"Karatasi gani?" Profesa akauliza.

"Ile yenye alikatiaka gauni yangu!" Bila kungoja akaenda moja kwa moja kwenye vitenge, akapekua, akachomoa mkono wa kushoto, namba 46, akaukunjua juu ya meza mbele ya tume. Upande mmoja uliandikwa kwa mwandiko wangu "Mama B., ongeza vidole viwili". Upande wa pili ulikuwa na mchoro wa bomba, mita na mishale, na maandishi ya Kifaransa.

Saidati akaweka kidole kwenye mchoro. "Hii ni sura yangu ya tano," akasema taratibu.

"Ndiyo," nikasema. Nini tena kingine. "Nilivikata, Saidati. Vyote kumi. Sikumpa mtu. Nilikuwa na hasira na wewe na nilikuwa na shida ya karatasi, na hasira na shida zikakutana mkasini. Tume, andikeni hivyo. Kosa si lake, ni langu."

Connie kwa mara ya kwanza hakuandika.

"Mungoje kwanza!" akasema Mama Belise. "Mi sijamaliza. Mi njo nilikuya kusema kweli. Huyu fundi muliona? Ni muongo. Gauni yangu alisema siku tatu. Nilikuya hapa mara saba! Kila siku, 'Kesho, Mama Belise.' Nikakaa ku hii kiti, na mbele ya macho iko ukuta. Nitafanya nini? Nikasoma ukuta. Mi nilisomaka ku lycée ya masista, Goma, Kifaransa naijua. Nikaona robinet, nikaona konteri ya kuhesabu mayi, nikasema, yebaba we! Hii ni mambo yangu!"

Akainama juu ya mkono wa gauni kama mwalimu juu ya ramani.

"Hapa inasema: mayi ikikatika, bomba inajaa upepo. Mayi ikirudia, inasukuma ile upepo mbele. Kama robinet iko wazi, upepo inapita ku konteri, konteri inazunguka. Yenyewe haijui mayi ni nini. Inajua tu kitu inapita. Na sisi bote hapa, Profesa, tulikuwa tunaachaka robinet wazi muchana muzima na beseni chini, juu tusikie mayi ikikuya! Donc tulikuwa tunanunua upepo!"

Hilo ni kweli tupu. Hakuna nyumba mtaani kwetu iliyokuwa haifanyi hivyo. Siku hizo maji yakikatika unaacha bomba wazi na beseni chini, na likianza kukoroma unaacha cherehani, unaacha sala ya sunna, unakimbia. Mimi mwenyewe miaka yote hiyo nilijaza mita yangu upepo, na dawa iko ukutani kwangu nimeitundika mimi.

"Na hapa ku bega," Mama Belise akaendelea, "inasema upepo batoe mbele ya kufika ku konteri, si nyuma. Batoe na nini? Sijui. Hapa njo mukasi ilipita."

Wote wakanitazama.

"Kwapani," akasema Profesa.

"Kwapani," nikakubali.

"Kwapani niliandika aina ya vali," akasema Saidati. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameanza kusahau kunikasirikia. "Sasa we ulifanya nini, Mama Belise?"

Mama Belise akafungua mdomo ajibu, na hapo hapo filimbi ikalia.

Sisi wa mtaani tumeizoea. Saidati alikuwa ameisikia mara nyingi akija kunisalimia, na kumbe siku zote alidhani kuna mpira unachezwa jirani. Yeye, mtaalamu wa maji yanayokatika, anakaa nyumba ya chuo ambako maji hayakatiki. Filimbi ililia kali, ndefu, bila kupumua, na duka likabaki tupu. Mama Belise alitangulia. Mimi niliokota madumu mawili kwa mazoea. Connie aliacha kompyuta wazi, akafuata umati bila kujua tunakwenda wapi.

Kwenye bomba la Mama Belise, kabla ya mita, kuna kipande cha bomba la zamani kinachochomoza. Fundi bomba alikifungulia njia kwa ombi lake, na yeye akakifunga mpira wa baiskeli, na mwisho wa mpira ule akafunga filimbi ya refa. Upepo ukitangulia, filimbi inalia. Na kila mlango wa ule uchochoro alisimama mtu, mkono juu ya bomba lililofungwa, anasubiri. Filimbi ikaanza kukohoa, ikatema mate, ikanyamaza. Mama Belise akakunja mpira akaufunga kwa kamba.

"Mayi!" akapiga kelele, na mabomba yote yakafunguliwa kwa pamoja. Maji safi, hayana hata koromo moja.

Dada yangu alikuwa amepiga magoti kwenye tope, na ile suti yake ya pasi, anaitazama filimbi.

"Miaka sita," akasema. "Yaya, miaka sita nimeandika batu bafunge robinet. Hata siku moja sikuwaza: bakifunga, batajuaje mayi imefika?" Akacheka, na machozi yakimtoka. "Mama Belise, hii ulifikiria wewe?"

"Si kitabu iliishia kwapani," akajibu Mama Belise. "Ningefanya nini?"

Profesa Ndahiro alisimama pale muda mrefu, akahesabu milango, akauliza kila mtu swali moja moja. Hakuna aliyemtajia Saidati. Wote walisema ni sheria ya Mama Belise. Mama Belise akasema ni sheria ya mkono wa gauni. Kisha Profesa akarudi dukani, akaketi kwenye kile kiti cha wateja, akaniambia kwa upole wake, "Fundi, naomba nizione karatasi zote."

Nikazitoa. Akazipanga mezani, mikono upande huu, viuno upande ule, akizisoma kama mtu anayekusanya vipande vya sahani. Alipofika kwenye kola, akageuza moja. Akageuza ya pili. Mwisho akazilaza zote kumi, kutoka ya mtoto mpaka namba 46, maandishi juu. Upande ule mimi sikuwahi kuutazama.

"Huu ukurasa haukuandikwa kwa Kifaransa," akasema. "Ni Kiswahili. Fundi, jina lako kamili nani?"

"Mudathiru."

Kola ya mtoto ilisema tu, *Kwa yaya*. Ile ya 38, ambayo imepita mikononi mwangu karibu kila siku kwa miaka minne, ilisema, *Kwa yaya Mudathiru, aliyeshona*. Ya 46, ya watu wanene, ndiyo iliyobaki na maneno mengi. Profesa akaisoma kwa sauti:

*"Kwa yaya Mudathiru, aliyeshona ili mimi nisome. Wengine nitawashukuru kwa mdomo siku ya sherehe. Yeye nimemweka hapa, mahali ambapo hatasahauliwa. Vipimo nilijifunza kwanza kwenye utepe wake. Sijawahi kumwona"*

Hapo palikuwa pa shingo. Mkasi ulikuwa umezunguka vizuri sana, kazi safi.

Nilikaa chini. Donge la miaka minne bado lilikuwepo, ila halikuwa tena lile donge nililolijua.

"Hujawahi kuniona nikifanya nini?" nikamuuliza.

Saidati alikuwa bado na tope magotini. Alitazama kola, akanitazama mimi. "Bon," akasema. "Chumba yangu ikibaki, nitakuambia. Ikifungwa, utakaa vile vile."

Jibu la tume lilichukua wiki mbili, na katika wiki hizo nililipia dhambi zangu zote. Nilijaribu maneno yote. Hujawahi kuniona nikichoka? Nikilalamika? Hapana, hilo ameniona. Niliwashonea wateja kwa wakati, jambo lililowatisha, na Mama Belise akaja kuniuliza kama naumwa.

Barua ilipokuja, Saidati aliileta mwenyewe akanisomea amesimama mlangoni. Chumba kinabaki. Mabomba yanabaki. Nyumba arubaini na moja zimebadilisha namna ya kutumia maji, na filimbi iingizwe kwenye majaribio, jina la Nyirabagenzi litajwe. Mahali pa kuandika njia ambayo utafiti uliwafikia wananchi, Profesa Ndahiro alikuwa ameandika: "Mkono wa gauni, pamoja na ucheleweshaji wa fundi."

Nikamshika dada yangu mabega. "Sasa sema. Uliandika nini pale shingoni?"

Akajaribu kujizuia, akashindwa, akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Niliandika hivi, yaya: *Sijawahi kumwona akikata kitu bila kukitazama kwanza.*"